Kigelegele cha King'ora na Vioo vya Magari

Wapo watu wakifurahi hutabasamu, yakaisha. Fundi cherehani wa mtaa huu akifurahi hupiga kigelegele, na kigelegele chake si cha kuchezea. Watoto wachanga huamka, mbwa hukaa, na aliye kwenye simu nyumba ya tatu huomba radhi akakata. Ndiyo maana watu walimwita King'ora, naye aliitika bila kinyongo.

Mwaka huo sababu ya kufurahi ilikuwepo. Binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa anaolewa, na gauni alilishona King'ora mwenyewe pale barazani. Kaka alipokuwa anakata roho, King'ora alimshika mkono akamwambia, "Nenda, kaka. Siku ya harusi yake nitapiga kigelegele mpaka ukisikie huko uliko." Basi akawa anafanya mazoezi. Kila akimaliza kipande cha gauni anakata uzi kwa meno, anasimama, anapiga. Mkono wa kulia ukikaa mahali pake, kigelegele. Kola ikikubali, kigelegele. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuanza kazi asubuhi na mapema, vipande vyake vilikamilika mchana, jua likiwa utosini.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na uwanja wa kuoshea magari, na mwoshaji hodari kuliko wote pale ndiye bwana harusi mtarajiwa. Barazani alipigwa marufuku, asije akaliona gauni kabla ya siku yake. Masikio hakupigwa marufuku. Akisikia kigelegele, alijua kipande kingine kimekwisha na harusi imesogea, na hapo ungemhurumia, maana akili ilimtoka yote.

Ndipo vioo vikaanza. Gari la daktari wa meno lilipasuka kioo cha mbele pale uwanjani, ufa kutoka pembe hadi pembe, na hakuna jiwe lililorushwa. Likafuata la muuza magodoro. Fundi vioo akaja, akapitisha kidole kwenye ufa, akatikisa kichwa. Watu wakatazama juu, hamna kitu. Wakatazama chini ya gari, paka tu. Na ulimi hauna mfupa. Mmoja akasema chake kilipasuka King'ora alipopiga kigelegele. Mwenzake akafikiri kidogo, akasema hata changu. Basi, kesi ikawa imekwisha kabla ya kuanza.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee wa miwani minene na gari analolipangusa hata likiwa safi, alikuja barazani na msafara wake.

"Mama, hatukuzuii kufurahi," alisema. "Furahi kimya kimya."

"Kimya kimya hufurahi samaki, mzee. Mimi nina ahadi na kaka yangu, na yuko mbali. Nikinong'ona hatasikia."

"Basi uwe samaki kidogo, mpaka tujue."

King'ora alikasirika, akashona siku nzima bila kumsalimu mtu. Lakini alinyamaza. Wiki nzima hakuna kigelegele, na balaa gani hii, wiki nzima hakuna kioo kilichopasuka. Hapo hata yeye akaanza kujiogopa. Alijifungia chumbani, akasimama mbele ya kioo cha kabati, akapiga kimoja kidogo kwa pembe ya mdomo, akangoja. Kioo kikamwangalia tu.

"Shangazi, lakini kwenye harusi utapiga," binti alimwambia jioni, wakiwa wanachambua shanga za gauni.

"Nivunje gari la mwenyekiti siku yako, mwanangu?"

"Livunjike. Nilipofaulu mtihani ulipiga. Nilipopona surua ulipiga. Usipopiga nitajuaje kama nimeolewa?"

King'ora alisingizia shanga imemwingia jichoni.

Mchana wa kuamkia harusi, ikabaki zipu. Binti akavaa gauni, King'ora akavuta zipu taratibu, ikapanda mpaka juu bila kugoma hata mara moja. Akarudi nyuma kumtazama. Aliona kaka yake katika kile kidevu, na furaha ikampanda kooni. Akatimua mbio chumbani, akauzamisha uso kwenye mto, lakini wapi. Nusu ya kigelegele iliishia kwenye pamba, nusu ikatokea dirishani.

Alipoinua uso kuchungulia hasara, akaona mambo. Kule uwanjani bwana harusi alikuwa ametupa kitambaa. Akanyakua ndoo ya maji yaliyotoka kisimani sasa hivi, baridi ya kuumiza meno, akaimwaga yote kwa mpigo mmoja kwenye kioo cha gari lililookwa na jua tangu asubuhi, kisha akaanza kucheza. Kioo kikasema ta! Mguu wa kijana ukabaki hewani. Akaitazama ndoo, akakitazama kioo, akainua macho dirishani, yakakutana na ya King'ora.

Gari lilikuwa la mwenyekiti.

Umati ulifika barazani kabla King'ora hajatafuta kanga ya kujifunika. Angeweza kunyoosha kidole, yaishe, na kesho apige atakavyo. Lakini alimjua mwenye uwanja ule, mtu wa kufukuza kwanza na kuuliza baadaye. Bwana harusi asiye na kazi, na harusi ni kesho!

"Ni mimi," alisema. "Imenitoka. Kesho sitafungua mdomo ila kwa kula."

Kijana alikuwa nyuma ya watu, ndoo mkononi.

Siku ikafika. Turubai zikafungwa, meza zikapangwa, magari yakapelekwa mbali kwa usalama. Wawili wakatangazwa mume na mke, na bibi harusi akageuza shingo kumtafuta shangazi yake. Kimya. King'ora alikuwa amejaza leso mdomoni na kuikandamiza kwa mikono yote miwili, machozi yakimchuruzika. Kilimuuma kile kimya kuliko jino.

Bwana harusi akasimama. "Si yeye," alisema. "Ni mimi na ndoo yangu. Nikisikia kigelegele nachanganyikiwa, namwaga maji ya kisima kwenye vioo vya moto. Jana aliniona, akanifichia."

Fundi vioo akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kicheko kikaanzia meza ya nyuma, kikaja mbele kama mafuriko. Mwenyekiti peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo mama huyu alijifunga mdomo ili wewe uoe?"

"Ndiyo, mzee."

Mwenyekiti akafikiri. "Vioo tutavizungumza wiki ijayo, mimi, wewe na mwenye uwanja, na hakuna atakayefukuzwa. Mama, toa hiyo leso."

King'ora akaitoa. "Kaka," alisema kwa sauti ndogo, kisha akakiachia kigelegele. Vijiko vilicheza mezani, turubai ikavimba, na bibi harusi akalia kwa raha, maana sasa alijua ameolewa.

Bwana harusi naye, maskini, mkono ulikuwa umekwisha zoea. Akanyakua jagi la maji ya barafu lililokuwa mbele yake, akalimwaga lote. Maji yalimpata mwenyekiti, uso mzima.

Watu wakashika vifua. Mwenyekiti akavua miwani polepole, akaipangusa kwa tai, akaiinua kwenye mwanga, akaikagua upande huu, akaikagua upande ule.

"Nzima," alisema, akairudisha puani. "Rudia, mama. Huenda kaka yako hakusikia vizuri."