Ujumbe Mfupi kwa Tony

Macho ya mama yalikuwa yanafifia, na kabla hayajazima kabisa alitaka kitu kimoja tu: kumwona Tony. Ndugu yangu huyo alikwenda Masara, upande wa Migori, kuchimba dhahabu, akanogewa na mashimo, miaka minne hajakanyaga kwetu Rusinga. Barua zangu alizifanyia nini, anajua mwenyewe. Mimi Risper nilishamkatia tamaa. Mama hakuweza.

Mwaka huo wa tisini na tano Mwalimu Ken, mwenye leseni ya redio ya ridhaa, akapata modemu. Zamani alizungumza na rafiki yake Mniko wa Migori kwa mdomo, nusu ya kijiji ikisikiliza mlangoni. Sasa aliunganisha redio na kompyuta: ukiandika huku, maneno yanatokea kwa Mniko. Siku ya majaribio nikamwangukia anisaidie, na Mniko akakubali kuuchapa ujumbe wangu kwenye karatasi na kuupeleka Masara.

Niliandika kwa kirefu: macho, daktari wa Kisumu, hamu ya mama, na matusi mawili matatu ya kidada. Redio ikaanza kulia kri-kri, kri-kri, kama kifaranga aliyepotea. Ilituma herufi chache, ikangoja Migori ijibu kwamba imezipata, ndipo ikatuma nyingine. Salamu tu hazijaisha, Mwalimu akaikatiza.

"Risper, betri inaisha," akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Hii ni story ama message? Fupisha bwana!"

Nikafuta yote. Nikaandika: MAMA MGONJWA SANA. NJOO NYUMBANI.

Kesho yake Mniko akajibu: TONY AMESOMA. ANAKUJA. Nilirukaruka kama mtoto. Barua chungu nzima zimeshindwa, mtambo umemleta kwa maneno matano!

Jumamosi tukasikia kilio langoni. Tony alikuwa anakimbia, mikono kichwani, akipiga mayowe, "Mama yaye! Mama yaye!" Nyuma yake vijana wawili walivuta fahali. Majirani wakatoka, nao wakaanza kulia kabla ya kuuliza.

Nilipomwona fahali nikaelewa: kwetu mtoto huja naye kwenye matanga ya mzazi. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kwamba mama yake amefariki. Anaambiwa ni mgonjwa sana, aje, ili asianguke njiani. Kwa mdomo Tony angenisikia nimekasirika tu, angejua mama yuko hai. Karatasi ya Mniko haikuwa na sauti yangu.

Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Nani amekufa hapa?"

Tony akapiga magoti palepale. "Mama... nilikuja kukuzika."

"Na kunisalimia kulikushinda?"

Nilitaka kumzaba kofi, na nilitaka kumkumbatia. Tony akainua shati ajifute uso, lakini mama akamshika mkono.

"Wacha. Usijipanguse, mwanangu." Akamvuta karibu kabisa, pale ambapo macho yake bado yaliona. "Haya ni machozi ya matanga yangu. Nisingeyaona kamwe. Tulia niyaangalie."