Mgonjwa wa Chumba cha Nje

Shikanga, mume wangu, alirudi kutoka kazini na mjusi ndani ya chupa ya njugu, kifuniko kimetobolewa matundu. Alikuwa amemtoa kwenye kabati la ramani, huko ofisi ya upimaji ardhi, na tayari alishampa jina: Karani. Karani alikuwa amejivua ngozi kama mijusi wanavyofanya, lakini kipande kimoja kilikwama juu ya jicho la kushoto. Hakuweza kumdaka hata nzi aliyejileta mwenyewe.

"Mjusi wa aina hii hana kope," Shikanga alinieleza. "Jicho lake hulilamba kwa ulimi. Sasa ulimi umeshindwa."

Nilimwambia nyumba hii ina mambo mengi yaliyoshindwa kabla ya huo ulimi. Mimi husema ninachokiona. Mama hunilaumu kwa hilo, ilhali nimerithi kwake.

Shida yangu wakati huo ilikuwa Mama mwenyewe. Tangu tumzike Baba alikuwa akiishi peke yake kijijini Iguhu. Mvua za juzi aliteleza akienda kumfungua ng'ombe, akalala kwenye matope mpaka jirani alipomsikia. Nikasafisha chumba chetu cha nje hapa Amalemba, nikapaka rangi, nikaweka kitanda. Akakataa. Kwanza, mama mkwe halali kwa mkwewe. Shikanga akapanda juu na tepu ya kupimia, akashuka na kutangaza kwamba paa la chumba cha nje halijagusana na la nyumba kubwa popote, kwa hivyo kisheria na kimila hiyo ni nyumba nyingine. Nikampelekea Mama matokeo. Akasema sawa, ila atakuja kufanya nini? Kukaa tu, apepewe nzi? Alikuwa muuguzi maisha yake yote, na kulishwa bure hakukuzoea.

Basi alipokuja mjini kuonyesha goti lake kliniki, alipitia kwangu kunywa chai, mkoba mapajani, tayari kuondoka. Alipoingia kwa mlango wa mbele, Shikanga alitokea wa jikoni, kama adabu inavyotaka. Ila alisahau chupa mezani.

"Huyu amefungwa kwa kosa gani?" Mama aliuliza.

Nikamweleza. Akavaa miwani, akaigeuza chupa huku na huku.

"Mwambie mwenye mjusi alete maji ya uvuguvugu na pamba."

Mwenye mjusi alikuwa amesharudi, yuko nyuma ya pazia la jikoni, akisikia kila neno. Nilimwambia hata hivyo.

Ikabaki nani amshike. Mimi sigusi mjusi, hata kwa mshahara. Mwishowe mkono wa Shikanga ulipenya kando ya pazia ukiwa umemshika Karani, na mwenye mkono akabaki upande wa pili akitazama ukuta. Mama akaanza kulowesha jicho, akihakikisha vidole vyao havigusani.

"Mwambie asitetemeke."

"Shikanga, usitetemeke."

"Mwambie Mama si mimi, ni Karani."

"Mwambie kwamba Karani akipimwa moyo, ametulia kumshinda yeye."

Ngozi ililainika ukingoni tu. Nikasema aivute tu tumalize.

"Watu wanavutanga hivyo, halafu wanajutanga," Mama alisema. "Itatoka na jicho. Hii ni ya kulowesha asubuhi na jioni, polepole. Kesho nani atamfanyia?"

Mimi, msema ninachokiona, nikamwongezea chai tu, na wanaonijua watashangaa. Mama alilitazama goti lake, kisha ule mkono uliokuwa ukimngoja.

"Kile chumba," akasema, "kina taa?"

Nguo zake nilizifuata Iguhu kabla hajabadili nia. Ng'ombe akaenda kwa jirani. Tangu hapo, kila asubuhi Shikanga husimama uani, akaupa mlango mgongo, na kuuliza hewani mgonjwa ameamkaje. Mama hujibu kutoka ndani kwamba bado, ila anajitahidi. Kisha mkono huingia dirishani, na kazi huanza. Mama huimba akipasha maji. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye huimba. Mara ya kwanza nilipomsikia, nililia kwenye beseni la vyombo.

Halafu jioni moja nikampelekea obusuma, ugali wetu, na mboga. Kumbikumbi walikuwa wameizingira taa. Karani alikuwa ukutani, huru. Kumbikumbi mmoja alipita upande wake wa kushoto, ule mbovu, naye akamdaka bila kusita. Jicho lilikuwa jeusi, safi, linang'aa. Pembeni mwa kitanda palikuwa na kipande cha pamba, na juu yake ngozi nyembamba kama ya kitunguu, iliyokauka zamani.

Mama aliona kwamba nimeona. Akavua miwani, akakunja mikono mapajani, vile alivyokaa siku ile na mkoba wake. Anaujua mdomo wangu. Dirishani, Shikanga, aliyekuwa ameshaleta mkono, alikohoa.

Nilimsogelea Karani kuliko nilivyowahi kumsogelea mjusi yeyote.

"Mama," nikasema, "hili jicho la kulia nalo silipendi."

Alivaa miwani tena, akalikagua lile jicho zima kwa muda mrefu.

"Ee," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimelishuku. Mwambie alete maji."