Chumvi ya Daraja la Tano

"Chumvi iko ya ngapi?" baba aliuliza, chupa ikiwa tayari imeinama juu ya mboga zake za lengalenga.

"Ya tano," nilijibu, nikisoma karatasi ya chupa. "Mafuta, maji, siki, sukari, chumvi."

"Unaona! Daraja ya tano njo inapanda juu ya mizigo. Hiyo ni ya kuogopa?"

Mungu anisamehe, siku ile nilitamani kuipasua ile chupa ukutani. Baba yangu Sumaili alikata tiketi kwenye stesheni ya Kindu miaka ishirini na mitano, na kila orodha duniani aliisoma kama ya abiria: wakubwa mbele, wengine si kitu. Herufi ndogo zilikwisha kumshinda macho, kwa hiyo mimi, Hadidja, mwanafunzi wa sekondari, ndiye niliyekuwa msomaji wake.

Tansio, ile presha ya damu, ilikuwa imemwangusha mara moja, ikamwachia mguu wa kushoto mzito. Daktari hakuzunguka: ukila chumvi tena, tutakuzika. Mama akaiondoa jikoni. Sombe ya majani ya muhogo, samaki, maharagi, vyote vikawa havina ladha, na sisi sote tukatafuna kimya kwa ajili ya baba. Yeye akaenda zake dukani kwa Mbusa, akarudi na sosi ya salade kutoka Ulaya, chupa yenye picha ya majani mabichi. Salade yenyewe nyumbani haikuwapo! Alimwagia wali, alimwagia hata muhogo wa kuchemsha.

"Kitu cha chupa iko safi, mama," aliniambia. "Dawa pia inatoka ku chupa."

Aka! Nilisoma, nikasoma tena, miezi miwili. Nilimwekea kijiko cha chumvi mbele yake aone kiasi anachokula. Alicheka. Mama alinong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa, akaingia jikoni kulia.

Ijumaa moja uvumilivu ukaniishia. Kwenye karatasi ya chupa iliandikwa siki ya divai. Mwalimu Abedi alitufundisha kwenye chuo cha Kurani kwamba divai ikishageuka siki ni halali, nami nililijua jambo hilo vizuri kabisa.

"Baba," nilisema, "humu ndani muko divai."

Rangi ilimtoka. Alisukutua kinywa mara tatu, akaenda mwenyewe kuitupa chupa chooni. Nilifurahi, sitaficha. Kwa uhai wake hakuacha, kwa Mungu aliacha mara moja.

Lakini kesho yake alianza kulipa swala. Zote za miezi miwili, kwa sababu aliamini alisali na pombe tumboni. Baada ya kila swala ya siku aliongeza nyingine na nyingine, mguu ule ukiburutwa, mkono ukishika ukuta ili ainuke. Siku ya nne alianguka juu ya mkeka. Nilimkimbilia. Alinisukuma, akataka kusimama tena.

"Acha, baba! Nilikudanganya. Siki ni halali. Divai ilishageuka zamani."

Aliacha kujiinua, akakaa.

"Ulimusingizia Mungu? Juu ya nini?"

"Juu utakufa!" nilipiga kelele. "Utakufa, baba, na weye unanihesabia daraja! Naogopa kila asubuhi kuja kukuamusha!"

Sikuwahi kumpigia baba kelele kabla ya siku ile wala baada yake. Sasa nina miaka aliyokuwa nayo yeye, nina tansio yangu, na bado nasikia haya nikikumbuka.

"Hilo la kuogopa hukunisemea," alisema polepole.

"Kila siku nilikusomea..."

"Ulinisomea chupa."

Mama alileta ugali na sombe isiyo na chumvi, akaweka chini. Baba alinawa. Alimega, akachovya, akatafuna, akakunja uso kama mtu aliyetafuna kwinini. Alinitazama. Akamega tena.