Makaa Juu ya Mfuniko

Jicho la kulia la Mastura lilikuwa halifunguki, linatoka maji tu, na kila mara alilifuta kwa upindo wa kanga, polepole, maana ngozi ya shavu ilikuwa bado mbichi. Daktari kashamwambia: akipelekwa Dar mwezi huu, jicho laweza kupona. Akikaa, basi tena. Na wa kumpeleka ni wale wa mradi, wenye sufuria lao.

Walikuja, jamani. Wiki ya tatu tangu aungue, lakini walikuja. Bwana Luka, afisa wa usalama wa vyombo, kiatu kinang'aa, akauruka mtaro wa Ngamiani kama anaogopa maji yatamuuma. Mkeka kaukataa, akaletewa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sasa mama, wewe uliweka moto juu ya sufuria la umeme?"

"Nilipalia."

"Ulifanyaje?"

"Nilipalia wali. Makaa juu ya mfuniko. Kwenu wali hamli?"

Afisa wa usalama, huyo. Kala wali Tanga mwaka mzima, hajui unaivishwaje. Nyumba zote za mtaa ule, maji yakishakauka unatia makaa juu, wali uive juu kama chini; usipopalia, mgeni anakula kwa heshima tu. Mastura anauza wali miaka kumi na tisa. Siku ya kugawa masufuria, mwalimu wa mradi alisimama uwanjani akasema, "Akina mama, pikeni vilevile mlivyozoea, sufuria linajua lenyewe." Wakapiga makofi. Basi Mastura akapika alivyozoea. Mpira wa kitundu cha mvuke ukayeyuka, ukaziba, na hilo linalojua lenyewe likampasukia usoni.

"Kitabu cha maelekezo kimesema wazi," Luka akasema.

"Kimesema kwa lugha gani?"

Akakigeuza, akakigeuza tena. Kichina mbele, Kiingereza nyuma. "Ungeuliza."

"Niulize nini, mwanangu, na nimeambiwa nipike nilivyozoea?"

Luka akatoa karatasi. Imeandikwa kwamba mama amekiri kukitumia chombo visivyo. Akitia dole gumba anapewa sufuria jipya, bure. Na Dar? Dar haimo.

"Sufuria la nini mimi? Mimi nataka jicho."

"Mama, tusibishane. Mradi una wafadhili."

Mastura akauficha mkono ndani ya kanga. Hatii.

Yule bwana wala hakukasirika. Aligeukia mlangoni, majirani wamejaa, akauliza nani aliyaona hayo makaa. Chiku wa nyumba ya pili, shoga yake Mastura, ambaye mgao ulimpita, akanyoosha mkono. Kweli aliyaona. Yalitoka jikoni kwake Chiku mwenyewe.

"Shahidi anatosha," Luka akasema. "Tia dole hapa, dada. Lile jipya chukua wewe."

Chiku akamtazama Mastura. Akalitazama boksi la sufuria jipya. Akatia dole.

Gari likaondoka. Chiku kabaki kasimama, boksi kichwani, anafuta wino kwenye kanga na wino hautoki.

"Shoga, wali wa sufuria hili dakika ngapi?"

"Ishirini," Mastura akasema. "Ila usipalie."

Chiku akacheka kidogo.

"Wali haujapaliwa, nani ataula?"