Fremu yenye Nakshi ya Kofia

Bwana Muhdhar alikuwa fundi wa nakshi mtaa wa Mkomani, na milango yake ilijulikana hadi Siyu. Mwaka wa 1912, siku chache baada ya Idi, kiharusi kilimshika akiwa kazini. Kilimwachia ulimi na akili, kikamchukulia mkono wa kulia na nguvu za mguu. Tangu hapo nduguye, Madi, akawa anakuja kila Ijumaa kumnyoa ndevu. Muhdhar alifumba macho muda wote, na wembe ukishawekwa chini hakusema na mtu mpaka alasiri, wala msikitini hakwenda.

Mkewe, Bi Umulkheir, aliyaona hayo miezi mitatu. Mwezi wa nne akanunua kioo cha Bombay, kipana kama sinia.

"Nitakitungika msalani, juu ya birika la maji, usawa wa kigoda chako," akamwambia. "Mkono wa kushoto nao ni mkono."

"Kioo kitupu hakipandi ukuta wa nyumba hii," alisema Muhdhar. "Kitiwe fremu ya nakshi."

"Ataifanya nani?"

Kumwita fundi mwingine ndani ya nyumba yake, hilo Muhdhar hakulitaka. Basi Umulkheir akachukua vipande vya mbao za msaji vilivyobaki karakanani, na patasi na nyundo, akaketi mbele yake.

Siku nane Muhdhar alimfundisha lile ua la duara la miimo ya milango. "Usiisukume patasi. Fuata ndia ya mti, nyuzi zake zilivyolala." Alifuata, na mti ukampasukia. Kipande cha pili kikapasuka vilevile. Muhdhar akapandisha sauti, akamwambia mkono wake mzito. Umulkheir akaiweka patasi chini taratibu, akaenda jikoni akalia huku akichagua mchele. Hakulilia neno lile. Alijua anayegombwa si yeye.

Asubuhi yake akarudi na kofia aliyokuwa akiishona, na keekee ya kutobolea mbao.

"Maua yako siyawezi," akasema. "Mkono wangu wajua kofia."

Akaitandaza kofia juu ya ubao, akatia alama kwa mkaa, akaanza kutoboa, kitundu baada ya kitundu, kama vile vya kofia avizungushiavyo uzi. Lakini keekee yataka mikono miwili, mmoja wa kuishika na mmoja wa kuvuta uta wake, na ubao ukawa wamtoroka. Muhdhar alitazama kitambo. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaukandamiza ubao.

"Haya, vuta. Polepole."

Wakafanya hivyo siku kumi na moja, vumbi la msaji likiwajaa miguuni.

"Miaka ishirini navaa kofia zako," akasema siku moja, "na mshono huu sijui huitwaje."

"Hukuuliza."

"Nauliza."

Akamwambia, na mingine yote.

Fremu ikaisha, kioo kikatungikwa msalani. Ijumaa iliyofuata Madi alipofika, Umulkheir alimpa kahawa, akamwambia nduguye yuko msalani. Wakangoja. Halikusikika ila maji yakimwagwa kwa kata. Madi akainuka akamsaidie.

"Kaa, shemeji. Kahawa yapoa."

Muhdhar akatoka akiegemea ukuta, kanzu imelowa kifuani. Kidevuni palikuwa na tone la damu, na chini ya taya kimebaki kishungi cha ndevu. Madi akafungua kinywa. Umulkheir akamtazama, naye Madi akakifunga.

"Mwaonaje?" akauliza Muhdhar.

"Mashallah," akajibu mkewe, akamfuta damu kwa ncha ya leso.

"Basi nipa fimbo. Madi, twende. Leo nataka kuisikia hutuba msikitini."