Ndoo ya Emil

Rudy Hvizdak alikuwa anamchota kaka yake sandukuni kwa kikombe cha kupimia unga. Tena kikombe cha Marcella, kile cha bati chenye mkono uliolegea, ambacho juzi tu kilikuwa kimepima unga wa pirohi za matanga, zile zinazojazwa viazi. Marcella alisimama mlangoni pa jiko lake mwenyewe. Mezani, pembeni ya chupa ya chumvi, palikuwa na mifuko ya plastiki, ile ya kuwafungia watoto mkate wa shule, na kila mfuko Rudy alikuwa ameuandika jina la jimbo kwa wino mweusi. Utah. California. Massachusetts. West Virginia. Mfuko wa Colorado ulikuwa umeshajaa nusu.

"Unafanya nini?"

"Ah, shemeji! Nilidhani umejilaza. Usiwe na wasiwasi, simwagi hata chembe."

"Nimekuuliza unafanya nini na mume wangu."

"Namgawa," Rudy akajibu, kama mtu anayegawa karanga. "Chama chetu cha wapenzi wa reli tumeshakubaliana. Massachusetts ataingia kwenye handaki la Hoosac. California tutampeleka kule treni inakopita juu ya mkia wake wenyewe. Utah ni pale walipounganisha reli, hilo halina mjadala. Penye garimoshi la mvuke, tunamtia tanurini. Pasipo na garimoshi, tunamnyunyiza relini."

"Mnamnyunyiza."

"Kidogo kidogo."

"Kama chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani."

"Sasa shemeji, mbona unaliharibu jambo zuri?"

Marcella aliushika ukingo wa meza. Vumbi la kijivu lilikuwa limeshatua juu ya kitambaa chake cha maua, na kwenye kucha za Rudy pia, na Rudy, shetani yule, akajifuta kwenye suruali bila hata kuangalia.

Watu wa reli wana mila yao hiyo. Mzee wao akifa na kuchomwa, wenzake huyapeleka majivu kwenye garimoshi la zamani, yakatupwa tanurini, na marehemu akatokea juu kwenye bomba la moshi huku king'ora kikimlilia. Wao huona hakuna mazishi matukufu kuliko hayo. Marcella alikuwa ameyashuhudia mara mbili, na mara zote mbili chakula cha mchana kilimshinda.

Hakuna mtu wa kumfundisha Marcella habari za reli. Kila kiangazi cha ndoa yake na Emil alikuwa ametolewa nyumbani Pennsylvania, akapakiwa garini, na kupelekwa jimbo jingine kuangalia chuma. Madaraja, vituo, mahandaki, yote ameyaona, na kwake yote yalinuka mkojo na grisi. Kule Massachusetts alikula soseji ya baridi mdomoni mwa handaki huku maji machafu yakimdondokea shingoni. Kule California alikaushwa na jua siku nzima akingoja treni ijizungushe mlimani kama nyoka mpumbavu, na ilipojizungusha, Emil akatokwa na machozi. Machozi ya kweli, ya furaha. Marcella alimtazama siku ile na moyo ukamchafuka, kwa sababu machozi hayo yeye alikuwa ameyangoja nyumbani kwa miaka, na hayakuwahi kuja.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Paulie. Hakufikisha hata mwaka. Ilikuwa Mei ya mwaka wa sitini na tisa, kule Utah wanasherehekea miaka mia moja tangu reli za mashariki na magharibi zikutane, na Emil alikuwa amekwenda na wenzake wa chama. Mapafu ya mtoto yakajaa maji. Simu ya kumpata mtu jangwani haikuwapo. Aliyebeba kile kisanduku hadi makaburi ya Mtakatifu Sirili alikuwa baba mkwe, chini ya kwapa, maana kilikuwa chepesi. Emil akarudi wakati udongo umeshakauka, na mfukoni ana zawadi, msumari wa reli uliopakwa rangi ya dhahabu. Aliuweka mezani, akatazama kitanda kitupu, akateremka kwenye chumba cha chini ya nyumba kuoga masizi. Hakulizungumza jambo lile siku hiyo, wala siku nyingine yoyote, na makaburini hakuwahi kukanyaga. Kila kiangazi akatafuta jimbo jingine.

Kwa hiyo Marcella hakuwa anaomba makubwa. Alitaka Emil azikwe Jumatatu, Padri akiwapo, pembeni ya Paulie. Alale pale pale alipotakiwa awe, na mara hii asipate njia ya kuondoka.

"Mrudishe kwenye sanduku," akasema.

"Shemeji, hayo yalikuwa maneno yake. Hospitalini. Alinishika mkono, akaniambia, Rudy, msinifukie."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Mama yangu alale mahali pabaya kama nadanganya."

Hakuwa anadanganya. Marcella alimjua Emil, na jambo hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko kikombe, kuliko kucha za Rudy. Mpaka kitandani pa kufia mtu yule alikuwa anatafuta namna ya kutofika.

Wakabishana hadi kahawa ikapoa. Rudy alilia, akalaani, akaapa, akaomba radhi, akalia tena. Mwishowe Marcella akachoka.

"Kikombe kimoja," akasema. "Jumamosi, hapa hapa kwetu, kwenye kona ya mlimani. Kimoja tu, kwa sababu alikuomba. Kilichobaki kinaingia ardhini Jumatatu. Na sanduku nitalibeba mimi, kwa sababu wewe sikuamini hata kwa kijiko cha sukari."

"Na Utah?"

"Utah walishampata wakati wao."

Rudy akayarudisha yote sandukuni, na Marcella alisimama juu yake mpaka kila mfuko umekung'utwa. Kisha mifuko na kile kikombe cha bati vikaenda pipani. Meza aliisugua kwa maji ya moto, akaisugua tena, na bado usiku ule hakuweza kulia chakula pale.

Jumamosi ikafika na treni ya watalii ikajaa. Kona yenyewe ni fahari ya bonde lile. Reli inaupinda mlima kiasi kwamba aliyekaa behewa la mwisho humwona dereva kwa upande, na watu hutoka majimbo ya mbali kuja kuona kitu ambacho Marcella alikiona kila alipoanika nguo na kuzianua zina masizi. Ndani ya behewa, viti vilinata. Mtoto mmoja alikuwa amepaka dirisha sosi ya nyanya. Wazee wa chama, na kofia zao za mistari, walinuka nguo zilizofungiwa kabatini. Lakini lililozidi yote lilikuwa garimoshi lenyewe, maana siku hizi haliendeshwi kwa makaa. Linachoma mafuta machafu yanayokusanywa hotelini, na moshi wake unanuka viazi vilivyoungua.

"Atatoka ananuka chipsi," Marcella akasema.

"Emil alipenda chipsi," Rudy akajibu.

Marcella alikaa na sanduku mapajani. Lilikuwa la plastiki nyeusi, kama walivyolitoa huko walikomchomea. Koti alilovaa lilikuwa la rangi ya maziwa, la kanisani. Alilivaa makusudi, ili watu wajue kuna mwanamke mmoja hapa ambaye hakuja kucheza.

Kwenye kona treni ikasimama na kila mtu akateremka. Hiyo nayo ni desturi yao. Abiria hupangwa shambani nyuma ya kamba na kamera zao, treni ikarudi nyuma bila mtu, kisha ikaja tena kwa kasi mbele yao, ikipiga king'ora na kutoa moshi mzito, mweusi, ili picha zipendeze. Wazee wenye wajukuu husukumana hapo kama watoto kwenye mgao wa peremende.

"Nipe sasa," Rudy akasema. "Mimi nitapanda kwenye kichwa cha treni, nimtie mwenyewe kaka yangu."

Ngazi ya chuma ilikuwa wima na magoti ya Marcella yalikuwa yameshakataa. Akampa sanduku, akampa na kikombe cha karatasi alichokuja nacho mkobani.

"Kimoja, Rudy."

"Kimoja, shemeji."

Akapita kwenye kamba, akasimama mbali kidogo na wale wasukumanao, akatoa rozari. Treni ikarudi nyuma ikapotea kwenye miti. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwombea mtu aliyekuwa amemkasirikia kiasi kile, alipogeuka na kumwona Rudy. Rudy alikuwa amepiga goti kwenye nyasi, kamera usoni.

"Wewe! Unafanya nini hapa? Emil yuko wapi?"

"Yuko salama, yuko na daktari. Daktari Prewitt ndiye mchochea moto leo. Wakitupita watasimama pale mbele, napanda, namtia. Lakini shemeji, hebu ona mwanga huo! Mwanga kama huu hauji mara mbili."

Hakupata nafasi ya kumjibu. King'ora kikalia, ardhi ikatetemeka, na lile dude likachomoza kwenye kona na wingu juu yake ambalo Marcella, mtoto wa mji wa reli, hakuwahi kuona kifani chake. Lilikuwa jeusi ti, zito kama lami. Watu wakapiga mayowe ya furaha. Upepo ukaligeuza wingu na kulimwaga shambani. Masizi yakamwangukia Marcella nywele, mabega, mashavu. Yalikuwa na mafuta, yakishika hayatoki, na ndani yake mlikuwa na punje. Akazisikia zikisagika kwenye meno. Akatema kwenye leso.

Treni ikasimama mbele. Akateremka Daktari Prewitt, mwanamume mnene mwenye mikono misafi, ambaye siku za kazi hung'oa watu meno na Jumamosi hucheza treni kwa kujitolea. Alikuwa anacheka.

"Mmeona moshi huo? Jamani, nani kaleta ule mchanga? Wetu huwa unalowa maji. Ule umesafisha mabomba yote, safi kabisa!"

Kila mtu wa reli anajua habari ya mchanga. Garimoshi la mafuta hushika masizi kwenye mabomba yake, basi mchochea moto hutupa mchanga tanurini, mvuto wa moto ukauvuta, ukayakwangua, na yote yakatoka juu, meusi. Ndiyo maana picha hupendeza.

"Mchanga upi?" Rudy akauliza, na sauti haikutoka vizuri.

"Uliokuwa kwenye ndoo. Ile ndoo ya kijani ya reli, ya zamani."

Rudy akaishusha kamera.

"Lile sanduku la plastiki lilikuwa aibu, shemeji," Rudy akasema polepole. "Kwenye picha lingeonekana kama la kuhifadhia vyakula. Nikammimina kwenye ndoo. Nilitaka awe ndani ya kitu cha reli. Nilikuwa narudi. Nilikuwa narudi sasa hivi."

"Yote?"

"Yote."

"Ukamwacha pembeni ya mchanga, ukaja kupiga picha."

"Mwanga ulikuwa mzuri," Rudy akasema, kisha akasikia alichokisema, akajifunika uso. Daktari alikuwa ameshaelewa, naye akageukia reli, akainama na kutapika. "Shemeji, nisamehe. Maji yakimwagika..."

"Methali hiyo kampikie mkeo!"

Hakulia. Alihisi kinyaa tupu, kuanzia nyayoni. Aliwachukia wote, kofia zao, ngazi zao, kona yao. Alimchukia na Emil, aliyesema asifukiwe na akapata, kama alivyopata kila kiangazi. Alikuwa ameomba kitu kimoja katika maisha yake yote na mwanamume yule, na sasa kilikuwa kimesambaa kwenye shamba la watu, na watalii wanakipangusa kwenye miwani.

Mwanamke mmoja mwema akaja mbio na vitambaa vyenye maji, vile vya kufutia watoto.

"Pole, mama, koti zuri hivi! Ngoja nikufute."

Akanyoosha mkono. Marcella akaupiga.

"Usiniguse!"

Mwanamke akarudi nyuma. Marcella mwenyewe alishangaa. Akaliangalia bega lake. Kwenye rangi ya maziwa palikuwa na mabaka meusi, yanang'aa grisi, na ndani ya grisi punje za kijivu zimekwama nyingi, kama mchele kwenye sufuria isiyooshwa. Hakujua kipi ni mafuta ya viazi na kipi ni Emil. Akalivua koti taratibu, mkono mmoja, halafu wa pili, akalikunja uchafu ukiwa ndani, akaweka na ile leso katikati.

"Rudy. Lete gari. Twende makaburini."

"Leo? Padri si alisema Jumatatu?"

"Padri ataombea Jumatatu. Huyu sitamwacha alale popote pengine tena."

Njiani aliamuru madirisha yafungwe yote. Harufu ikajaa garini, nzito, ya jikoni kwa mtu mvivu, na Rudy aliendesha huku akimeza mate. Marcella alikuwa amelipakata koti kwa mikono miwili. Kwenye kila kona alilibana zaidi, wala hakuliachia.

Rudy alikuwa na koleo nyuma ya gari, la theluji. Jiwe la Paulie ni dogo, limezama upande mmoja, jina linasomeka bado. Marcella akamwonyesha pa kuchimba, na Rudy akachimba, machozi yakimdondoka puani, mpaka akaambiwa basi. Marcella akapiga magoti yake mabovu kwenye nyasi, akalishusha koti shimoni, akalilaza kwa upande wa mtoto. Mikono yake ilikuwa myeusi kwenye viganja. Akainusa, akakunja uso.

"Paulie," akasema, "baba yako huyu hapa. Ananuka vibaya, lakini amekuja."

Kisha akamwambia Rudy afukie.