Uzio Ndani ya Uzio

Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba Mzee Nasser ni mwongo, na mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri sana. Nakumbuka niliutazama nikajisifu kimoyomoyo. Leo nikikumbuka naona haya.

Ilikuwa Desemba ya mwaka hamsini na tatu. Nilikuwa karani wa ofisi ya kodi mjini, kijana wa Bukoba mwenye baiskeli, suruali iliyopigwa pasi ya mkaa, na ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu. Mzee Nasser alikuwa na duka Temeke, na nyuma ya duka alikuwa na nyumba ya kupangisha. Katika fomu yake ya kodi ya mapato aliomba gharama ya uzio wa nyumba ile ipunguzwe kwenye pato lake la pango.

Sheria yenyewe, nikiieleza kwa maneno ya nyumbani, ilikuwa hivi. Mwenye nyumba akitengeneza kilichoharibika, gharama yake inapunguzwa kabla kodi haijapigwa. Akijenga kitu ambacho hakikuwapo, hiyo ni mali yake mpya, abebe mzigo wake. Uzio mpya mahali pa uzio mbovu, urefu uleule, ni matengenezo. Uzio wa ziada ni mali. Niliipenda sheria ile kwa sababu ilimtoa mtu ofisini akatazame kwa macho yake.

Basi nikaenda Temeke kutazama. Nikakuta uzio mpya wa mabati, nguzo zake bado zinanuka lami. Lakini palikuwa na upenyo kati ya bati na bati, nami sijapata kuona upenyo nikaupita. Nikachungulia. Hatua moja ndani, uzio wa zamani ulikuwa umesimama vilevile: madebe yaliyokunjuliwa, yameliwa na kutu, na juu yake seng'enge ya wakati wa vita. Nikazunguka ua mzima wa nyuma, na pande zote zilikuwa hivyo, uzio ndani ya uzio. Nani anajenga namna hiyo?

Mzee Nasser akatoka dukani na kunishika mkono. Akanieleza kwa upole kwamba hapo hapachunguliwi. Nikamwuliza mbona wa zamani haukubomolewa. Akasema utabomolewa Februari, inshallah. Kwa nini Februari? Akasema ndani kuna mtu, kisha akatazama viatu vyangu.

Karani akijibiwa hivyo hasira inampanda, na yangu ilipanda. Nikaandika kwamba uzio wa zamani haukubadilishwa, kwamba mwenye nyumba amejenga wa pili na anajaribu kuuita matengenezo. Bwana mkubwa wa ofisi akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema barua ya kukataa itaandikwa wiki ijayo.

Nyumbani kwetu Kinondoni nilimsimulia mke wangu Kokuberwa kama kichekesho. Hakucheka. Aliniuliza aliyemo ndani ni nani. Nikasema sijui.

“Umekwenda kukagua uzio, Baba Didas, hukuuliza unamsitiri nani?”

Swali lile lilinikera, kwa sababu lilikuwa swali langu na mimi nilikuwa nimelisahau. Jumamosi mchana nikampakia kwenye baiskeli hadi Temeke. Yeye akaingia kwa Wahiba, mke wa Mzee Nasser, akisema anatafuta chumvi ya mawe. Mimi nikabaki ng'ambo ya barabara nikijifanya natengeneza mnyororo. Nilitengeneza mnyororo mzima kwa muda wa saa moja na nusu.

Alipotoka hakuwa na chumvi. Alinieleza yote tukiwa tumesimama pale pale juani.

Nyumba ile aliipanga fundi cherehani aitwaye Jabiri na mkewe Hamdiya. Mwezi wa Septemba Jabiri alikuwa anafunga kamba ya kuanikia nguo, seng'enge ikamchana kiganja. Kidonda kidogo, akakifunga kitambaa, akaendelea kushona. Siku ya tisa taya zikakaza. Pepopunda ilimchukua kabla ya wiki kwisha. Sasa Hamdiya yumo ndani, anakaa eda, miezi minne na siku kumi, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, ndugu wa karibu asiyeweza kumwoa. Madebe yale yalikuwa yanaanguka moja moja, naye angeonekana na wapita njia. Kwa hiyo Mzee Nasser akajenga uzio mpya kwa nje, mbio mbio. Wa zamani hakuweza kuutoa, maana mafundi wangelazimika kuingia uani.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikavuka barabara, nikampa Mzee Nasser shikamoo ya kweli kuliko ile ya kwanza, nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

“Ningeandika nini kwenye fomu ya serikali, mwanangu?” alisema. “Kwamba uzio wangu umeua mpangaji? Jabiri alinikumbusha mara tatu. Mie nikamwambia ngoja mvua zipite.”

Ndipo akanieleza na lililobaki. Pango la Hamdiya alikuwa amelisamehe mpaka eda iishe. Lakini kodi ikipigwa nzima, bila kupunguza gharama ya uzio, hana pa kuitoa isipokuwa nyumba ile ipate mpangaji wa kulipa. Mjane aliyetakiwa asitoke nje angehamishiwa wapi?

Jumatatu nikasimama mbele ya bwana mkubwa nikakiri kwamba nimeandika nisichokijua. Alisikiliza vizuri, hakunifokea, na barua ilikuwa bado haijatoka. Kisha akasema hesabu za mwaka zinafungwa tarehe thelathini na moja. Uzio wa zamani ukiwa umetoka siku hiyo, huo mpya umeshika nafasi yake, ni matengenezo. Ukiwa umesimama, basi ni nyuzio mbili, na wa pili ni mali. Zilibaki siku tisa. Eda ilikuwa inakwisha Februari.

Nikarudi Temeke, safari hii tena na Kokuberwa. Mimi na Mzee Nasser tukaketi dukani tukikuna vichwa. Yeye akafikiria fundi kipofu mmoja wa Yombo, mtu hodari sana. Nikamwambia kipofu na seng'enge ile ni msiba wa pili. Mimi nikafikiria kuuvuta uzio kwa kamba kutoka nje, akasema utamwangukia mtu. Kokuberwa alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza.

“Nyie mnatafuta fundi tu,” alisema. “Mmemwuliza mwenyewe?”

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Kwetu sote, mimi msomi na Mzee Nasser mcha Mungu, kazi ya uzio ilikuwa kazi ya wanaume, na mjane alikuwa mtu wa kusitiriwa tu. Kokuberwa akaingia ndani. Hakukaa sana. Alirudi akiwa amejifunga khanga kiunoni, akatuletea jibu la Hamdiya kama lilivyotamkwa.

“Kasema miezi mitatu anaamka anatazamana nao. Kasema aletewe koleo.”

Mzee Nasser akaenda nyuma ya duka kutafuta koleo la kukatia seng'enge, akachelewa kurudi, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alileta nyundo pia na magunia ya kufungia mikono.

Walikuwa watatu mle ndani: Hamdiya, Wahiba na mke wangu. Sie tulikaa nje ya mabati mapya tukisikia misumari ikilia na madebe yakianguka. Kazi ilichukua asubuhi mbili. Vipande walivipitisha chini, penye nafasi kati ya bati na ardhi, nami nikawa navihesabu kwa ajili ya ripoti. Kila kipande cha seng'enge kilikuja kimefungwa gunia, nami nikadhani ni Kokuberwa anatujali.

Magunia yakaisha. Kipande cha mwisho kilikuja kimefungwa shati la kiume, jeupe, kola yake imeshonwa kwa mkono wa mtu anayeijua kazi yake. Nilisita kulishika.

“Shikeni hapo penye nguo,” sauti ilitoka ndani, sauti nisiyoijua. “Asikatwe mtu mwingine.”

Nilishika penye nguo. Mzee Nasser alikuwa amegeukia ukuta wa duka. Nikatoa daftari nikaandika kwamba uzio wa zamani umeondolewa wote, tarehe ishirini na nne Desemba, na kwamba nimeshuhudia. Mwandiko haukuwa mzuri.